Kompyuta za Nyumbani Zikikataa Kupeana Faili: Pa Kuanzia Ukaguzi

Si ajabu siku hizi kukuta nyumba mjini Garissa, Masalani au Dadaab ikiwa na kompyuta mbili au tatu. Kuna ile ya mezani iliyonunuliwa kwa hesabu za duka, laptopu ya kijana anayesoma chuo kikuu, na labda nyingine ya mzazi anayefanya kazi ofisini. Zote zinatumia waifai ya ruta moja. Lakini faili ikihitajika kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, watu huanza kutafuta flashi, au mtu hujitumia kwa WhatsApp. Faili hiyo hutoka sebuleni, ikavuka bahari hadi kwenye seva za ng'ambo, kisha ikarudi chumba cha pili hatua kumi kutoka pale ilipoanzia, na bando ikalipwa mara mbili.

Hebu tufanye hesabu. Folda ya picha na video za masomo yenye ukubwa wa GB 2 hula GB 2 kupakiwa na GB 2 nyingine kupakuliwa. Ikipitishwa ndani ya nyumba, kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ruta, haitumii bando hata kidogo. Wakaazi wengi hawaamini jambo hili wanapoambiwa, kwa sababu wamezoea kudhani kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Ruta ni kama ua wa nyumba, na intaneti ni barabara iliyo nje ya lango. Lango likifungwa, bando ikiisha au faiba ikikatwa mahali fulani kwenye barabara ya Thika, watu walio ndani ya ua bado wanaweza kutoka chumba hiki kwenda kile.

Watu wa kaunti hii pia wanajua uzito wa karatasi. Kwa miaka mingi, kijana wa hapa aliyetaka kitambulisho alifika mbele ya kamati ya uchunguzi akiwa amebeba cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na pengine hata cha babu. Rais alitangaza mjini Wajir mnamo Februari 2025 kwamba uchunguzi huo wa ziada umeondolewa, lakini familia hazijaacha kutunza nakala, na hatuwashauri waache. Mvua za mwisho wa 2023 na mafuriko ya Mto Tana ya Aprili na Mei 2024 ziliingia nyumba za kando ya mto pamoja na makabati yaliyokuwa ndani yake. Nakala iliyoskaniwa ikikaa kwenye kompyuta mbili, moja ikiharibika nyingine ipo. Ndiyo maana tunatumia kurasa hizi kueleza jinsi ya kufanya kompyuta za nyumba moja zipeane faili, na hasa la kufanya zinapokataa. Maelezo ni ya kompyuta za Windows.

Soma kwanza ujumbe wa kosa

Wengi hufunga dirisha la kosa bila kulisoma. Usilifunge. Makosa karibu yote ya kupeana faili yamo katika mafungu mawili, na ujumbe wenyewe hukuambia uko fungu gani.

Ukiona namba 0x80070035, au maneno "The network path was not found", maana yake kompyuta yako haikuifikia ile nyingine kabisa. Tatizo liko njiani: ni ruta, ni waifai, au ni kizuizi cha usalama. Usipoteze muda kubadilisha nenosiri, kwa sababu hujafika hata mlangoni. Lakini ukiulizwa jina na nenosiri, au ukiona "Access is denied", furahi kidogo. Njia iko sawa, umebisha hodi, na mwenye nyumba ndiye anayekataa kufungua. Hapo acha ruta ilivyo na uangalie majina na ruhusa.

Tumewahi kuona mtu akibadilisha ruta nzima kwa sababu ya tatizo la nenosiri.

Je, kompyuta zote ziko ua mmoja?

Tuanze na fungu la kwanza. Kwenye kila kompyuta, bonyeza kitufe cha Start, andika cmd, bonyeza Enter, na katika dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig kisha Enter tena. Tafuta mstari wa "IPv4 Address" wa waifai au wa kebo unayotumia. Utaona namba kama 192.168.1.23. Fanya hivyo kwenye kompyuta ya pili pia.

Katika nyumba za kawaida, mafungu matatu ya kwanza ya namba hizo yanatakiwa kufanana. Kompyuta yenye 192.168.1.23 na yenye 192.168.1.40 ziko ua mmoja. Moja ikiwa 192.168.1.23 na nyingine 192.168.0.15, zimo katika nyua mbili tofauti, hata kama zote zinafungua YouTube bila shida. Na namba ikianza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta. Ikate kwenye waifai na uiunganishe tena, na isipokubali zima ruta kwa dakika moja kisha uiwashe.

Zinawezaje kuwa nyua mbili ndani ya nyumba moja? Mara nyingi ni hivi. Kampuni ya intaneti ilileta kisanduku chake na kukiweka sebuleni. Chumba cha nyuma kimejengwa kwa mabati, na mabati hukata mawimbi ya waifai vibaya kuliko ukuta wa matofali. Basi mwenye nyumba akanunua ruta ya pili sokoni, akaivutia kebo kutoka ile ya kwanza, na waifai ikafika. Intaneti inafanya kazi kila mahali, kila mtu ameridhika, na hakuna anayejua kwamba ruta ya pili imejenga ua wake. Kompyuta ya sebuleni haiwezi kuiona iliyo nyuma. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili na kuigeuza iwe katika hali ya "Access Point" au "AP mode". Kama haina hali hiyo, ipe kwanza anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, uzime DHCP yake, kisha uhamishe ile kebo kutoka tundu lililoandikwa WAN hadi mojawapo ya matundu ya LAN. Kazi hii fundi anayeijua huimaliza kwa muda mfupi.

Angalia pia jina la waifai. Ruta nyingi hutoa majina mawili, moja likiishia na "5G". Hilo kwa kawaida halina shida, yote mawili ni ua uleule. Lakini jina lenye neno "Guest" ni jambo jingine. Waifai ya wageni imetengenezwa makusudi ili aliyeunganishwa asiweze kuona kompyuta za ndani. Kompyuta moja ikiwa kwenye "Guest" haitaiona nyingine hata ukae nayo mwezi mzima. Baadhi ya ruta zina kizuizi kama hicho hata kwenye waifai ya kawaida, kikiitwa "AP isolation" au "Client isolation". Kama namba zimefanana na bado hakuna kinachopita, kitafute na ukizime.

Na asiye na ruta? Wengi wetu tunatumia hotspoti ya simu. Simu inafanya kazi ya ruta, na laptopu mbili zilizounganishwa na hotspoti moja mara nyingi huweza kupeana faili bila kugusa bando. Simu nyingine huzizuia zisionane, na hakuna mipangilio ya kubadilisha hilo. Ukikutana na simu ya aina hiyo, tumia kebo ya mtandao, ile ile inayoingia nyuma ya ruta, uiunganishe moja kwa moja kutoka laptopu hadi laptopu. Kompyuta za sasa hazihitaji kebo maalum kwa kazi hii. Zitajipa zenyewe namba zinazoanza na 169.254, na hapo namba hiyo si kosa, kwa kuwa hakuna ruta ya kugawa nyingine. Laptopu nyembamba za siku hizi huja bila tundu la kebo, na utahitaji adapta ya USB.

Ukitaka kujua kama njia iko wazi, andika ping kisha anwani ya kompyuta ya pili, kwa mfano ping 192.168.1.40. Ukipata "Reply from 192.168.1.40", njia ni nzima. Ukipata "Destination host unreachable", kompyuta hiyo haipo kwenye ua au imelala. "Request timed out" haina uhakika, maana huenda kompyuta ipo lakini kizuizi chake cha usalama kimeikataza kujibu.

Kulala nako kusisahauliwe. Laptopu iliyofunikwa au iliyoachwa hadi kioo kikazima haijibu mtu. Iamshe, kisha ujaribu tena kabla ya kufanya lolote kati ya haya tuliyoeleza.

"Jana ilikubali, leo inakataa"

Malalamiko haya yana sababu moja kubwa hapa kwetu, nayo ni stima. Stima ikipotea, laptopu huendelea kwa betri lakini ruta huzima, na bila ruta hakuna ua. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka kwa wengi ni kinachofuata baada ya stima kurudi. Ruta inapowaka upya huenda ikagawa anwani upya, na kompyuta iliyokuwa 192.168.1.40 ikaamka ikiwa 192.168.1.27. Njia ya mkato uliyoihifadhi jana sasa inaelekeza kwenye nyumba isiyo na mtu, au kwenye simu ya mtoto.

Dawa ya haraka ni kuandika ipconfig tena na kutumia namba mpya. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuiambia iipe kompyuta ya faili anwani ileile kila siku. Tafuta maneno "Address Reservation" au "Static Lease". Njia nyingine ni kutumia jina la kompyuta badala ya namba, kwa sababu jina halibadiliki stima ikikatika.

Joto nalo lina sehemu yake. Ruta iliyowekwa juu ya kabati, karibu na paa la mabati, siku ya nyuzijoto 35 na zaidi, hupata joto kupita kiasi na kuanza kukata mawimbi au kujizima. Ukiona matatizo huja saa nane mchana na kuisha jioni, usiite fundi kwanza. Ishushe ruta mezani, mahali penye upepo.

Windows inapokuwa imejificha

Njia ikiwa wazi na bado kompyuta haionekani, huenda imeambiwa ijifiche. Windows hugawanya mitandao mara mbili: "Public", yaani ya hadharani, na "Private", ya nyumbani. Kwenye "Public" hujificha na kukataa wageni, na hivyo ndivyo inavyopaswa kufanya ukiwa hotelini au kwenye saiba. Shida ni kwamba Windows za sasa huhesabu waifai mpya kuwa "Public" usipoziambia vingine. Fungua Settings, ingia "Network & internet", chagua waifai yako, fungua "Properties", kisha uchague "Private network". Baada ya hapo tafuta "Advanced sharing settings" na uwashe mambo mawili: "Network discovery" na "File and printer sharing". Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Kuifanya kwenye moja tu ni kama kuwasha simu moja kati ya mbili na kungoja ziongee.

Kisha usingoje kompyuta ijitokeze yenyewe kwenye dirisha la "Network". Dirisha hilo ni la uvivu, hata mambo yakiwa sawa. Fungua File Explorer, bonyeza kwenye mstari wa anwani juu, na uandike alama mbili za mkwaju wa nyuma zikifuatwa na namba au jina, hivi: \\192.168.1.40. Ikifunguka kwa namba na kukataa kwa jina, tatizo ni la majina tu, na unaweza kuendelea na kazi zako kwa namba. Ukitaka kompyuta ionekane pia kwenye dirisha la "Network", andika services.msc kwenye Start, tafuta "Function Discovery Resource Publication" na uifanye "Automatic".

Antivirasi za kununua nyingi huja na faiawoli yake, tofauti na ile ya Windows. Ili kujua kama ndiyo inayozuia, izime kwa dakika moja, ujaribu, na uiwashe hapohapo. Ikiwa ndiyo, ingia ndani yake na uiambie kwamba mtandao wa nyumbani unaaminika. Usiiache imezimwa. Wanaotumia VPN nao wajaribu kuizima, kwa kuwa VPN nyingine huchukua kila kitu na kukipeleka nje, pamoja na kile ulichokusudia kwa kompyuta ya chumba cha pili.

Hapa tuonye kuhusu ushauri wa zamani unaozunguka. Ukiambiwa utengeneze "HomeGroup", usiitafute. Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Ukiambiwa uwashe "SMB 1.0", kataa. Hiyo ni lugha ya zamani ya kupeana faili, na mnamo Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika udhaifu wake na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tangu mwisho wa mwaka huo Windows 10 mpya huja bila lugha hiyo kuwashwa. Anayeihitaji ni mwenye Windows XP au diski ya mtandao ya zamani sana, naye afikirie kubadilisha kifaa.

Jina na nenosiri: hapa ndipo wengi hukwama

Sasa tuko kwenye fungu la pili. Tuseme mpwa yuko chumba cha nyuma na laptopu, na mjomba wake yuko sebuleni na kompyuta ya duka.

"Abti, inaniuliza jina na paswadi. Niweke gani?"

"Weka ile namba ninayofungulia, abti. Zile nne."

Anaweka, inakataa. Anarudia mara tatu, inakataa. Wote wawili wanaamua kompyuta imeharibika.

Haijaharibika. Namba nne za kufungulia, yaani PIN, ni za kompyuta ileile iliyo mbele yako. Haziwezi kupita mtandaoni. Kinachotakiwa ni nenosiri kamili la akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye faili, na wengi waliolizoea PIN wamelisahau nenosiri tangu siku ya kwanza. Wapo pia ambao kompyuta yao haina nenosiri kabisa, wanabonyeza Enter inafunguka. Windows hukataa akaunti isiyo na nenosiri kutumika kutoka kompyuta nyingine, na inafanya vyema kukataa.

Njia tunayoipendekeza haihitaji kukumbuka la zamani wala kumpa mtu nenosiri lako. Kwenye kompyuta yenye faili, tengeneza akaunti mpya kwa kazi hii tu, uite familia. Fungua Settings, "Accounts", "Other users", "Add account". Windows itataka barua pepe. Chagua "I don't have this person's sign-in information", kisha "Add a user without a Microsoft account". Andika jina familia na nenosiri zuri. Halafu nenda kwenye folda unayotaka kushiriki, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, "Properties", "Sharing", kisha kitufe cha "Share...". Mwongeze familia na uchague kama anaweza kusoma tu, "Read", au pia kuandika, "Read/Write".

Kwenye laptopu ya pili, ukiulizwa, andika jina la kompyuta yenye faili, mkwaju wa nyuma, kisha familia. Kama kompyuta inaitwa DUKA, utaandika DUKA\familia, na nenosiri lake chini. Ukiandika familia peke yake, laptopu huenda ikadhani unamtaja mtu wa ndani yake na kumkosa.

Ikiwa uliwahi kukosea nenosiri na ukaweka alama ya "Remember", laptopu itaendelea kulituma lile la makosa kimyakimya bila kukuuliza. Andika "Credential Manager" kwenye Start, fungua "Windows Credentials", futa kilichoandikwa jina au namba ya kompyuta ile, na ujaribu upya.

Kuna hali nyingine inayowachanganya hata wanaojua: folda inafunguka, faili kumi zinafunguka, ya kumi na moja inakataa. Windows ina kufuli mbili, ya mtandaoni na ya faili yenyewe, na zote lazima zikubali. Kitufe cha "Share..." hupanga zote mbili kwa pamoja, lakini "Advanced Sharing" hupanga ya mtandaoni peke yake. Tena, faili iliyohamishwa kutoka folda nyingine ya diski hiyohiyo huenda ikaja na kufuli yake ya zamani. Inakili badala ya kuihamisha, na nakala itafuata kufuli ya folda mpya.

Wenye Windows 11 toleo la 24H2 na kuendelea watakutana na kikwazo kingine. Toleo hilo linakataa kuingia mahali pasipo na nenosiri, na mara nyingi waathirika ni diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB la ruta. Utaona ujumbe unaozungumzia "guest access". Mitandaoni utafundishwa jinsi ya kulazimisha Windows ikubali. Afadhali uingie kwenye mipangilio ya ruta na uipe hiyo diski jina na nenosiri.

Nani mwingine yuko ndani ya ua wako?

Ni kawaida hapa kwetu kumpa jirani nenosiri la waifai. Wengine huchangia malipo ya mwezi nyumba tatu au nne, na hatuoni ubaya. Ila ukishashiriki folda, jirani huyo naye yuko ndani ya ua. Ukiwa umechagua "Everyone" ili kumaliza usumbufu, na kuzima ulinzi wa nenosiri, basi nakala za vitambulisho vya familia yako ziko wazi kwa kila simu na laptopu iliyo kwenye waifai hiyo, pamoja na ya mgeni wa jirani. Hapa ile waifai ya "Guest" tuliyoilalamikia inakuwa rafiki. Waweke majirani na wageni huko. Watapata intaneti, na kompyuta zako hawataziona.

Usishiriki diski nzima ya C. Shiriki folda moja yenye vile tu vinavyohitajika. Na kwa wanaofanya biashara nyumbani wakitunza nakala za vitambulisho vya wateja, kwa mfano saiba ndogo au wakala wa kutuma pesa, hilo si suala la adabu pekee. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka wazilinde, na mteja ambaye taarifa zake zimevuja anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Sheria hiyo haigusi matumizi ya nyumbani tu ya familia, lakini faili za wateja si za familia hata zikiwa sebuleni.

Folda iliyoshirikiwa si akiba ya kutosha. Kirusi cha kufunga faili kikiingia laptopu ya kijana, kitafunga pia kila folda ambayo laptopu hiyo ina ruhusa ya kuandika kwenye kompyuta ya duka. Wape watoto "Read" pekee, na vyeti vya familia viwe na nakala ya tatu kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa mwezi, kisha ikachomolewa na kuwekwa mbali na maji. Kompyuta za Windows 10 zinahitaji uangalifu zaidi, maana Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Zinaweza kusajiliwa kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na anayetumia moja kwa mambo ya faili za pamoja aisajili au aipandishe iwe Windows 11 kama inakubali.

Kuhusu mwendo: kwa waifai ya kawaida, nyumba yenye ukuta mmoja katikati, tarajia MB 5 hivi kwa sekunde, yaani folda ya GB 2 ichukue dakika saba au karibu. Kwa kebo hata ya zamani ya megabiti 100 ni kama dakika tatu. Ikichukua saa nzima, sogeza laptopu karibu na ruta kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Kabla ya kumpelekea fundi kompyuta, au kumuuzia mtu, angalia imeshiriki nini. Fungua lile dirisha jeusi la cmd, safari hii kwa kubonyeza kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator", na uandike net share. Yale majina yanayoishia na alama ya dola, kama C$ na IPC$, ni ya Windows yenyewe, yaache. Mengine yote uliyaweka wewe, au mtu mwingine nyumbani. Usilolitaka liondoe kwa kuandika net share, jina lake, kisha /delete. Faili zitabaki mahali pake, ila hakuna atakayezifikia kutoka nje ya kompyuta hiyo. Akaunti ya familia nayo ifute kwenye Settings.